Mafiga Matatu ya Mbwilo

Paukwa!
Pakawa!
Paukwa tena, maana mmeitikia kama watu waliolala njaa!
Pakawa!

Haya. Sogeeni motoni. Na wewe mwenye kijiti, acha kuchokoachokoa jivu. Hadithi hii haina sungura, wala haina harusi mwishoni. Anayetaka harusi akalale.

Hapo kale, juu kabisa mlimani, kwenye nyanda za baridi ambako miti haioti na ukungu hauondoki mpaka jua liwe utosini, walifika watu wakitafuta pa kulima. Wakakuta nyasi na mawe. Basi wakayang'oa mawe kwa mikono, wakayarundika kando ya mashamba, wakapanda ulezi.

Lakini nchi ile ilikuwa na mwenyewe. Lilikuwako zimwi, na zimwi halifi. Wazee walilikuta limeshiba, limelala shimoni mwake, wakalirundikia mawe mpaka likashindwa kuinuka. Rundo hilo lilikuwa kwenye shamba la ukoo wa Mbwilo.

Ikawa desturi. Anayekula ulezi wa shamba lile hupeleka jiwe kwa mikono yake kila msimu, huliweka taratibu, husema, "Lala chini, sisi tulime juu." Jiwe la mtu mwingine halikushika, zimwi lililipangusa kama vumbi. Na jiwe likishapanda rundoni, ni mwiko kulishusha.

Mbwilo huyo alikuwa na mke, Sekela, na binti mmoja mdogo, Subilaga. Mwaka mmoja baridi iligandisha umande, ulezi wote ukafa mweusi shambani. Majirani walikuwa na akiba kidogo, lakini Mbwilo alikuwa mtu wa kuona haya. Hakuomba. Subilaga akakonda, akakonda, akakonda, mpaka akaacha kulia. Mkiona mtoto mwenye njaa ameacha kulia, jueni hali ni mbaya.

Siku moja Mbwilo akapeleka jiwe rundoni. Akasikia sauti chini ya mawe, sauti ya upole kabisa.

"Mbwilo, nipunguzie jiwe moja."

"Wewe ni nani?"

"Unanijua. Mtoto wako anakufa. Nipunguzie jiwe moja, ulipeleke jikoni kwako liwe figa, nami nitakupa ulezi."

Mbwilo akaziba masikio, akaenda zake. Alipofika nyumbani alimkuta Sekela akichemsha nyasi. Akamtazama mtoto. Basi akarudi, akachukua jiwe, na alipogeuka ulezi ulikuwa umesimama shambani, umeiva. Siku hiyo wakala ugali.

"Figa hili umelitoa wapi?" Sekela akauliza.

"Mtoni," akasema Mbwilo.

Ulezi wa zimwi haukai ghalani. Ulipoisha, ile sauti ikamwita tena. "Mbwilo, nipunguzie jiwe moja." Akapunguza. Sekela akauliza limetoka wapi. "Mtoni," akasema.

Ukaisha tena. "Mbwilo, nipunguzie jiwe moja." Safari hii hakuziba hata masikio. Alijiambia rundo ni kubwa kuliko nyumba, mawe matatu yatapunguza nini? Na Subilaga alikuwa amenona, anakimbizana na mbuzi. Ningekuwa mimi baba yake, sijui kama ningekataa.

Basi figa la tatu likawekwa, Sekela akateleka chungu, moto ukashika. Huko shambani rundo likatikisika, mawe yakaporomoka upande mmoja, zimwi likatoka mchana kweupe. Mgongo wake ulikuwa na mashimo pale mawe yalipolilalia. Halikutazama mashamba, halikutazama mbuzi. Lilikwenda moja kwa moja nyumbani kwa Mbwilo, likachuchumaa jikoni.

"Figa la kwanza ni langu," likasema. "Figa la pili ni langu. Figa la tatu ni langu. Basi jiko ni langu, na mtoto aliyenenepeshwa na jiko langu ni wangu."

Likambeba Subilaga kiunoni, likarudi shimoni kwake, kwa kuwa zimwi lile lilikula likiwa limejilaza shimoni tu.

Sekela akamgeukia mumewe. "Mbwilo, ulisema mtoni."

Mbwilo akakimbia, akalipita zimwi, akasimama mdomoni mwa shimo, Sekela akimfuata nyuma.

"Mwache mtoto, nichukue mimi. Huyo ni tonge moja tu. Mimi nina mifupa, utatafuna mpaka mvua zije."

Zimwi likacheka. Likamtupa mtoto nyasini, likamkumbatia Mbwilo, likashuka naye. Na huko chini Mbwilo akalikaba shingo kwa mikono yote miwili, akalikandamiza.

"Sekela, weka mawe."

Majirani walikuwa wamekwisha kufika. Wakaanza kurusha mawe, zimwi likayapangusa kama vumbi. Ilibidi yawe ya mwenye kula ulezi wa shamba lile. Wote wakamtazama Sekela, naye amesimama tu.

"Sekela, weka mawe. Linaniponyoka."

Bado hakuweza. Mlitaka aweze? Aliyekuwa chini ni mume wake.

"Mama Subilaga, weka mawe."

Hapo akaenda jikoni. Akayatoa mafiga motoni kwa mikono mitupu, moja moja, ngozi ikibaki juu ya mawe, akayarudisha rundoni. Akaweka la kwanza. "Lala chini, sisi tulime juu." Mbwilo akapiga kelele. Akaweka la pili. "Lala chini, sisi tulime juu." Mbwilo akawa anakoroma. Akaweka la tatu, akasema maneno yale yale, na chini kukawa kimya.

Akaendelea na mawe mengine. Subilaga naye akaokota vijiwe, akamsaidia mama yake, akisema maneno kama alivyofundishwa. Alikuwa amekula ulezi wa shamba lile, kwa hiyo vijiwe vyake vilishika. Hakujua anamfunika nani.

Msimu uliofuata ulezi ukakubali. Sekela akapeleka jiwe kama desturi ilivyo, kwa ile mikono yenye makovu. Alipoinama akasikia sauti ya Mbwilo chini ya mawe.

"Mama Subilaga, nasikia baridi."

Lilikuwa zimwi limejifunza sauti yake, au alikuwa yeye mwenyewe? Sekela hakujua, na hakuna aliyekuja kujua. Alisimama pale analia mpaka jiwe likamlemea. Kisha akaliweka, akasema maneno, akarudi nyumbani kumpikia mtoto.

Hadithi yangu nimeitua hapo, na sina nyingine ya kuilainisha. Funzo lake ni hili: ukibanwa na shida, mwambie mkeo, mwambie jirani, kabla hujamsikiliza adui.