Diski ya Shemeji

Fumbeni macho kidogo, wapendwa, ila msisinzie, nawajua.

Kulikuwa na mzee mmoja aliyefiwa na mkewe. Marehemu alimwachia binti mmoja, na wimbo mmoja ndani ya kompyuta kuukuu ya sebuleni. Aliuimba akiwa jikoni, na nyuma ya sauti yake unasikia kifuniko cha sufuria kikichezacheza kwa mvuke. Mchana wa mvua mzee huufungua, akaegemea kiti, na nyumba nzima ikamrudia: harufu ya iliki, khanga mlangoni, hatua za miguu peku. Binti alikuwa aolewe Jumamosi, akamwomba, "Baba, nataka nitoke hapa nikimsikia mama."

Alhamisi mzee akabonyeza. Kimya. Kioo kikaandika: programu haiwezi kufunguka, kuna faili halipatikani.

Akaitukana programu ile matusi ambayo siyarudii hapa madhabahuni. Akaomba faili la jina hilohilo kwa jirani, akalipachika. Sasa kioo kikasema faili limeharibika. Ndipo akamwita fundi, mama mmoja mpole.

"Mzee, wimbo upo, na programu haina kosa. Hili ni faili ambalo programu nyingi huliazima, kama kinu cha uani. Likikosekana, inayolia ni ile iliyolihitaji. Hivi karibuni umefuta nini?"

"Mchezo wa karata tu. Upuuzi wa shemeji yangu."

"Na mashine haikukuuliza kitu?"

Iliuliza! "Faili hili huenda linatumiwa na programu nyingine. Lifutwe?" Naye akabonyeza ndiyo, kwa hasira, maana alikuwa amegombana na shemeji huyo, kaka wa marehemu, na hata kadi ya arusi hakumpelekea. Mjomba wa bibi arusi, jamani!

"Rudisha mchezo," akasema fundi, "na faili litarudi. Diski anayo nani?"

Mnajua anayo nani.

Mzee akaenda katika manyunyu, hatua zake kama za mtu aotaye. Mlango ukafunguliwa.

"Shemeji, nimekuja kuazima ile diski ya karata."

"Chukua. Kwani arusi ni lini?"

Mzee alisimama na diski mkononi, maji yakimtiririka usoni, si yote ya mvua. "Jumamosi. Na wewe ndiye utakayemtoa binti nyumbani, badala ya dada yako. Nisamehe, ndugu yangu."

Jumamosi wimbo ukalia, kifuniko cha sufuria kikacheza, na mjomba akauitikia taratibu. Binti akageuka ghafla. Ilikuwa sauti ya mama yake, katika kifua cha mwanamume.

Sasa fumbueni macho. Sisi je, tumemfuta nani? Kwaya haishiki sauti tangu Pasaka, tunamlaumu mpiga kinanda. Watoto hawaji, tunailaumu mvua. Lakini yule bibi wa benchi la nyuma, msemaji kupita kiasi, aliyewapikia wanakwaya chai na kupita nyumba hadi nyumba kuwakusanya watoto, yuko wapi? Wazee walisema anatuchosha. Kuna mtu aliulizwa, "Tumwambie asirudi?" Akajibu ndiyo.

Wapendwa, aliyejibu ndiyo ni mimi. Tukitoka hapa naenda kwake kwa miguu. Nani atanisindikiza?