Ukurasa wa Kwanza wa Mzee Tindwa

Mzee Tindwa, mwenye mashine ya kusaga, alikuwa akisaga mahindi yenye ukungu na kuuza unga wake mji mzima. Aliposikia kwamba Mkasiwa, mwandishi wa gazeti la mji, ameonekana hospitalini akiwahoji wagonjwa wa tumbo, alimfuata ofisini na fimbo mkononi.

"Andika kwamba unga wangu ni safi. La sivyo, kesho mnahama kwenye jengo langu."

Mkasiwa alishika kalamu kwa adabu. "Ukurasa wa kwanza, mzee?"

"Wa kwanza!"

"Niseme pia kwamba hakuna aliyelazwa kwa sababu yake?"

"Sema."

"Na kwamba hakuna haja ya mtu kukagua viroba?"

"Ah! Kumbe una akili, kijana."

Tindwa alilala usingizi mnono. Gazeti lilitoka asubuhi, na kabla ya adhuhuri akina mama walikuwa wamejaa mashineni, wakipasua viroba na kumwaga barabarani unga unaonuka ukungu. Tindwa alimkimbilia Mkasiwa akihema.

"Mshenzi wewe! Umewaambia nini?"

"Maneno yako, mzee, sikuongeza hata nukta. Ila tangu tulipoandika kwamba daraja jipya ni imara, watu wa hapa wanavuka mto majini, viatu mkononi."