Zimwi Lililojua Kuuma Tu

Paukwa!

Pakawa!

Kaondokea nani?

Kaondokea Bi Mize, jino moja juu, jino moja chini, na yalikutana.

Basi, Bi Mize aliishi na mjukuu wake, Chiku. Siku moja Chiku alikwenda kuokota makoma, yale matunda magumu kama kuni. Zimwi la meno matatu likamkamata, likamfungia pangoni.

Bi Mize aliumia sana, maana hakuwa na mwingine duniani. Lakini mkono mtupu haulambwi. Akajaza kikapu, akaenda hadi pangoni kwa Zimwi.

"Hodi."

"Karibu, kitoweo cha pili," likasema Zimwi.

"Mbona haraka, baba? Mgeni akija na kikapu, mwenyeji hula cha kikapuni kwanza. Au kwenu hamkufunzwa?"

Zimwi likaona haya. Hata mazimwi hayapendi kuitwa hayana adabu.

"Ukivimaliza vyote vya kikapuni, utule sote," akasema Bi Mize. "Ukishindwa, naondoka na mtoto wangu."

"Mimi nishindwe kula? Lete."

Akatoa ubuyu. Yeye akautia mdomoni, akaumumunya, akatema kokwa. Zimwi likauma, kwa! Jino la kwanza likakatika.

"Ubuyu humumunywa, baba."

Akatoa muwa. Yeye akaumenya, akakata vipande, akatafuna, akatema makapi. Zimwi likauma penye fundo, kwa! Jino la pili likakatika.

"Muwa hutafunwa, baba."

"Bibi, fanya haraka," Chiku akalia kutoka pangoni.

"Ngoja, mjukuu wangu. Bado tunakula."

Nyie mnaocheka, ngojeni na nyie. Akatoa koma. Yeye akaliguguna kidogo kidogo, ukingoni, bila papara, mpaka likabaki kokwa. Zimwi kwa hasira likauma kwa nguvu zake zote, kwa! Jino la mwisho likang'oka, likabaki limenasa kwenye koma.

"Koma hugugunwa, baba."

Bi Mize akafungua pango, akamshika Chiku mkono. Zimwi likashika taya.

"Sasa mimi nitakula nini?"

"Uji," akasema Bi Mize. "Kunywa unajua?"

Hadithi yangu imeishia hapo, uji ukiwa bado jikoni. Aliye na meno asijue kuyatumia, hana tofauti na kibogoyo.