Tunda Lililoachwa Mtini

Wapendwa, wekeni Biblia kando kidogo, niwapeleke dukani.

Kulikuwa na dada mmoja mjini mwenye duka la chokoleti. Alizitengeneza mwenyewe, kwa mikono yake, na ladha zake zilikuwa vituko. Kuna ya pilipili kichaa. Kuna ya mchaichai, ya ukwaju, ya chumvi. Kuna ya senene! Mnacheka? Watu walipanga foleni.

Kila Jumamosi alikuja kaka mmoja, kiatu kinang'aa, shati limenyooka. Anaonja, anafumba macho, anasubiri. Kisha anatikisa kichwa.

"Imekaribia, dada. Lakini siyo."

"Unatafuta ladha gani, kaka yangu? Niambie niitengeneze."

Kaka akashindwa kueleza. Akasema tu ni tamu, ina uchachu kwa mbali, inateleza mdomoni. Dada wa watu akahangaika. Akajaribu limau, akajaribu stafeli, pesheni, asali ya nyuki wadogo. Miezi ikakatika. Kaka anaonja, machozi yanamlengalenga, anasema neno lilelile.

Siku moja akafunguka. "Nilipokuwa mdogo, mama akivuna kakao, tunda la kwanza alinipasulia mimi. Nakaa chini pale nanyonya ule ute mweupe kwenye mbegu. Ndiyo ladha hiyo. Nimeona unatumia kakao ya kwetu Kyela, nikadhani imebaki humo."

"Jamani, ungesema tangu siku ya kwanza! Kakao ikivundikwa kwenye majani ya migomba, ule ute wote unachuruzika chini. Mimi naletewa mbegu tu. Hiyo ladha haiji mjini, kaka. Inafuatwa kulekule." Kisha akapunguza sauti. "Pole sana. Mama alifariki lini?"

Kaka akainama. "Hajafariki. Yupo."

"Yupo? Sasa dukani kwangu unatafuta nini?"

"Nilimuaga nikamwambia nitarudi msimu ujao, nikishajipanga. Bado sijajipanga, dada. Naona aibu."

Kuna mtu hapa anamfahamu huyo kaka? Usimwangalie jirani yako.

Basi, akapanda gari akaenda. Njia nzima anapanga maneno ya kumwambia mama. Alipofika, maneno yote yakamtoka kichwani, kwa sababu mkakao wa karibu na mlango ulikuwa umening'iniza matunda meusi, makavu. Wakulima wa kakao mnajua: tunda lililokauka haliachwi mtini, linaleta ugonjwa. Bwana shamba akiliona utamsikia! Mama akatoka ndani akifuta mikono kwenye kanga, na kaka akaanzia kwenye huo mti.

"Mama, shikamoo. Mbona mti huu umeuacha hivi? Huna mtu wa kukusaidia kuvuna?"

"Marahaba, baba. Nauvuna kila msimu. Tunda moja ndilo nakuachia wewe. Uliniambia msimu ujao, hukuniambia upi."

Akayahesabu. Makavu yalikuwa sita. La saba lilikuwa bado la njano, na mama alikuwa ameshaingia ndani kufuata panga la kulipasulia.

Wapendwa, sisi ni hodari wa kutamani. Tunaonja semina hii, tunaonja mkesha ule, tunamkimbilia mtumishi mpya aliyeingia mjini, tunatoka tunasema imekaribia, lakini siyo. Tunalia kwamba tuna kiu ya Mungu, kwamba ametuacha, yuko kimya. Kaka yule naye alidhani mwenye hamu ni yeye peke yake! Alikuwa na hamu ya Jumamosi tu. Mama yake alikuwa na hamu ya kila siku, mbele ya majirani wanaomcheka na bwana shamba anayemgombeza, mti unamharibikia, naye anaacha tunda jingine.

Nani alimwambia kaka kwamba mama anajali kama mwanawe amejipanga? Na sisi nani alitwambia kwamba Mungu anangoja tunyooshe shati kwanza?

Ninyi mlioniambia mlangoni, "Mchungaji, msimu ujao nitarudi kwa Bwana," mimi nawakumbuka. Siwataji. Yapo makavu mengi juu ya mti ule kwa ajili yetu, na kila moja ni msimu aliotungoja. Lakini leo asubuhi liko la njano, na panga liko mkononi mwake.

Anayetaka kwenda nyumbani, asimame.