Tangulia, Nitakupita

Masikio yaleteni hapa, midomo iacheni nyumbani. Mwisho wa hadithi hii nitauliza swali, na jibu lake halimpi mtu raha. Aliyekuja kutafuta usingizi, mkeka uko chumbani.

Muheza palikuwa na watu watatu, kila mmoja na kipaji chake.

Wa kwanza Singano, fundi wa kuchomelea vyuma. Bati mikononi mwake lilikuwa kama unga uliokandwa vizuri, analivuta anavyotaka nalo linakubali. Kipaji chake kilikuwa mikono. Kichwa sikisemi.

Wa pili Hiza, fundi wa injini. Huyu alikuwa na sikio. Gari linapita barabarani, yeye yuko chooni, na bado atakwambia plagi ipi imechoka. Mkewe alikuwa akilalamika: "Anasikia kabureta inayokohoa mtaa wa pili, lakini mtoto akilia kitanda hiki hiki, hasikii."

Wa tatu Mwantumu, binti mwandika mabango. Kipaji chake kilikuwa brashi. Aliliandikia bucha moja "Nyama Laini" kwa herufi nzuri mpaka watu wakaamini, na ng'ombe wa bucha lile mnamjua. Mimi darasa nililionea dirishani, lakini herufi za Mwantumu hata mimi nilizisoma.

Sasa, Singano alilelewa na mjomba wake, Mzee Sechonge. Mzee huyu alikuwa na gari dogo, yale yenye mgongo wa kobe, na mwendo wake pia wa kobe. Mabasi yalimpita, malori ya machungwa yalimpita, na pale mlimani hata baiskeli ya muuza samaki ilimpita. Naye hakasiriki. Hutoa mkono dirishani, akampungia mwenzake na kusema, "Tangulia, nitakupita." Maisha yake yote hakumpita mtu.

Gari likaja kufa. Likakaa uani, kuku wa mkewe, Bi Kibibi, wakawa wanataga kwenye kiti cha nyuma.

Siku moja Singano akaenda, akalizunguka gari, akalipigapiga bodi kama mtu anayenunua tikiti maji.

"Mjomba, gari hili umewaachia kuku?"

"Kuku wananipa mayai. Wewe utanipa nini?"

"Nitakufanyia gari ambalo Muheza haijawahi kuona."

"Muheza haijaona mengi," akasema mzee. "Lichukue. Sitaki kitu. Ila likiwaka, wa kwanza kulipanda ni mimi, kabla ya kiumbe mwingine. Unipeleke barabara ya Amani nimpite mtu. Hata mmoja tu. Kisha unirudishe nije nife."

"Na kuku wangu?" akauliza Bi Kibibi.

"Kuku watapanda wa pili."

Wakacheka wote. Likasukumwa mpaka gereji.

Singano akaanza. Akalikata paa, akalishusha mpaka dereva akawa anachungulia kama mtu aliye ndani ya pipa. Madigadi akayang'oa. Mbele akaweka magurudumu madogo, nyuma makubwa ya pikapu, na kifuniko cha injini akakitupa, ikabaki nje wazi, mithili ya kuku aliyenyonyolewa makalio. Watu wakaacha njia ya sokoni kwenda kutazama.

Hiza naye akaleta injini ya kombi iliyopinduka Segera. Akaifungua, akaifunga, akaifungua tena, akawa analala na sikio juu yake. Sailensa akaitupa. "Injini yenye sailensa," alisema, "ni muimbaji aliyezibwa mdomo." Likiwaka, makombe yanatetemeka kabatini. Lina dosari moja: likishapata moto ukilizima, halikubali kuwaka tena mpaka lipoe. Hiza akasema hilo si neno, dawa yake ni kutolizima.

Mwantumu akalipaka rangi nyekundu ya pilipili iliyoiva. Kisha akafikiri aandike nini nyuma. Wengine wangeandika majivuno yao. Yeye akamkumbuka mzee na mkono wake dirishani, akaandika kwa herufi nyeusi zenye kivuli cha manjano: TANGULIA NITAKUPITA. Hakumwambia mtu ni maneno ya nani. Alitaka mzee ayaone mwenyewe.

Gari hilo. Zuri? Zuri, sitasema uongo kwa sababu ya hasira.

Siku lilipowaka, Mzee Sechonge alikuwa ameanza kuvimba miguu. Akalisikia kutoka kitandani. Akachukua bakora, akajikokota mpaka gereji.

"Nimelisikia," akasema. "Nimekuja."

"Bado, mjomba," akasema Singano. "Kiti chako sijakichomelea. Subiri kidogo."

Mzee akarudi. Baadaye akaenda tena, safari hii akipumzika njiani kwenye kila kizingiti.

"Subiri, mzee wangu," akasema Hiza. "Injini bado inameza mate. Nataka upande ikiwa inaimba."

Akarudi. Hakuweza tena kutoka, akamtuma mkewe. Mwantumu akamwambia, "Rangi mbichi, Bi Kibibi. Ataichafua kanzu yake. Mwambie asubiri ikauke."

Kila mmoja alitaka mzee alikute limekamilika. Ndivyo walivyosema, na naamini ndivyo ilivyokuwa. Lakini wakati huo huo Singano alikuwa amekwisha kuliendesha kwenda Mkanyageni na kurudi, kulipima. Hiza alikwisha kulipanda, kulisikiliza. Mwantumu alikwisha kukaa ndani yake, akapita mbele ya nyumba ya mchumba aliyemwacha, kuikausha rangi kwa upepo. Mzee alikuwa anausikia mvumo ukienda na kurudi. Alikuwa akimuuliza mkewe, "Nani huyo kapanda?" Na Bi Kibibi akijibu, "Wanajaribu tu, baba."

Ikaja sikukuu. Watatu wakalipeleka gari Tanga kulionyesha. Vijana wakawazunguka, wakapiga picha, wakaligusa rangi. Katikati ya raha hiyo simu ya Singano ikalia. Mjomba wako ametangulia mbele ya haki. Anazikwa leo, baada ya alasiri.

Wakajitupa garini wote watatu. Singano alikuwa na jambo moja tu rohoni: awahi, ashuke kaburini yeye mwenyewe, ampokee mjomba wake kwa mikono yake. Maana mtoto mwingine mzee hakuwa naye.

Walipokata kona ya kwenda makaburini, jeneza lile pale mbele, mabegani mwa watu.

Kwetu ukikutana na jeneza unasimama, unazima gari, unashuka. Humpiti maiti. Hata mlevi analijua hilo, husimama akashikilia ukuta. Singano mguu ukaenda kwenye breki.

"Usizime," akasema Hiza. "Ukizima haliwaki, tutawazibia njia."

"Nifanye nini basi?"

"Pita pembeni. Ukalisimamishe mbele, getini, ushuke."

Singano akapita pembeni. Pembeni ya jeneza, na injini ile isiyo na sailensa. Wachukuzi wakashtuka, jeneza likayumba, mtu akapoteza kiatu. Akawapita. Akafika mahali njia inapobanwa na michongoma huku na huku, upana wa gari moja. Na hapo, hatua chache kabla ya geti, gari likajizima lenyewe.

Likasimama katikati ya njia, makalio kwa maiti.

Watu wakasimama na jeneza mabegani, mbele yao herufi nyeusi zenye kivuli cha manjano. Hakuna pengine pa kutazama. Kulikuwa na mzee mmoja macho hayaoni vizuri, akauliza, "Limeandikwa nini pale?" Na mpumbavu mmoja, maana mpumbavu hakosekani, akamsomea kwa sauti: "Tangulia, nitakupita."

Kisha mtu akaguna puani. Mwingine akajifanya anakohoa. Kicheko msibani ni moto kwenye makuti: wakazika wengine wamejiziba midomo kwa kofia zao.

Gari lilipogoma kabisa, wakaweka jeneza chini, wanaume wakaenda kulisukuma. Mzee Sechonge alilisubiri gari lile akiwa hai. Akalisubiri tena akiwa maiti.

Singano hakushuka kaburini. Alisimama kwenye michongoma, uso ameugeuzia miiba, mpaka watu wakaisha. Matanga hakukaa. Gari akalifunika turubai nyuma ya gereji, na yeye akawa anapita njia za uani kama mwizi wa kuku. Mwantumu akaacha kuandika mabango. Akipewa brashi anairudisha. Hiza alisema hasikii vizuri tena. Mkewe akasema sasa angalau anamsikia mtoto, lakini hata yeye hakucheka aliposema.

Na mji huu mnaujua. Lile neno likawa salamu ya vijiweni. Bi Kibibi akitoka eda yake ataenda sokoni, na nyuma yake mtu atasema, "Tangulia," na mwingine atamalizia.

Wale watatu wakaanza kusukumiana.

Singano akasema, "Mimi nilikanyaga breki. Hiza ndiye aliyeniambia nisizime."

Hiza akasema, "Kelele watu wangeisahau. Maneno je? Mwantumu ndiye aliyeandika."

Mwantumu akasema, "Maneno ni ya marehemu mwenyewe, nilimheshimu. Aliyeyapitisha mbele ya jeneza ni Singano."

Wakazunguka hivyo kama mbwa anayefukuza mkia wake, mpaka Bi Kibibi akatuma neno: kabla ya hitima ya arobaini, waje.

Wakaja. Mimi nilikuwa ndani nachagua mchele wa hitima, hakuna aliyenihadithia hili. Walisimama mlangoni wametazama chini, watu wazima watatu, kila mmoja amejificha nyuma ya mwenzake, na mlango wenyewe ni mwembamba. Bi Kibibi yuko ndani ya eda, hakutoka. Akasema nao kutoka nyuma ya pazia.

"Shikamoo, mama," akasema Singano.

"Marahaba. Mmekula?"

Singano akavua viatu, akabaki navyo mkononi.

"Haya. Ya barabarani msiniletee. Mimi makaburini sikwenda. Nilisikia mvumo tu, nikasema, afadhali, limekuja japo kumsindikiza. Wanaocheka wacheke, watachoka."

Singano akaanza kulia. Bi Kibibi akamwacha kidogo, kisha akasema, "Nyamaza, sijamaliza. Mume wangu alikufa masikio yakiwa barabarani. Kila mvumo ukipita anauliza nani kapanda. Mimi nikamdanganya mtu anayekufa, nikasema wanajaribu. Nataka aliyemwambia asubiri. Huyo tu."

Watatu wakatazamana.

"Ni sisi sote, mama," akasema Mwantumu.

"Sitaki sote. Aibu ya watu watatu haina mwenyewe. Kila mmoja huiacha kwa mwenzake akaenda zake. Nataka mmoja. Kesho kutwa, kwenye hitima, aketi mkekani kwangu mbele ya watu, aseme kwa kinywa chake: mzee aliomba jambo dogo, mimi nikamnyima. Asitaje mwingine. Mji mzima utamjua yeye, na utamtaja yeye mpaka azeeke."

Mchele mkononi mwangu ukasimama.

"Na radhi," akasema, "ya kwangu na ya marehemu, nitampa yeye. Moja tu. Wawili watakaobaki waende na usalama wao, wasinigongee tena mlango."

Hapo ndipo nilipowaona. Siku zote walikuwa wanasukumana kila mmoja asiwe yeye. Sasa Singano akapeleka mguu kizingitini. Hiza naye akapeleka. Mwantumu naye. Halafu, wallahi, yote mitatu ikarudi nyuma.

"Mimi ndiye mwanawe," akasema Singano. "Nilipewa gari kwa ahadi. Nilisema subiri wa kwanza."

"Ya kwanza angeisahau," akasema Hiza. "Mimi nilimwona alivyokuja, anapumzika kwenye kila kizingiti, na bado nikamrudisha. Miguu ile niliiona mimi."

"Nyie mliirudisha miguu yake," akasema Mwantumu. "Mimi ndiye wa mwisho. Baada yangu hakuuliza tena."

Pazia halikutikisika.

Basi, nyie mlioshiba ubwabwa wangu, swali ndilo hilo. Msiniambie waingie wote, mwenye msiba amekwisha kukataa. Msiniambie wapige kura. Aibu si karata. Kuna mlango mmoja, nyuma yake mkeka mmoja, na atakayeketi pale ataondoka amevuliwa nguo mbele ya mji na amevishwa radhi na mjane. Wawili watabaki na nguo zao, na mvumo ule masikioni.

Aliyetoa ahadi, aliyeiona miguu, au aliyefunga mlango wa mwisho? Je, pazia lingekuwa mkononi mwako, ungemfungulia nani?