Viraka vya Twiga

Sogeeni, na wewe uliyekaa mlangoni ingia ndani, maana habari hii haitaki kupaziwa sauti.

Zamani za kale, twiga hakuwa na mabaka. Ngozi yake ilikuwa nyeupe pe kama maziwa. Alitembea katika mbuga za Ugogo, na watu walimtazama kwa mbali tu, kama mtu anavyotazama kilima.

Ukaja mwaka wa ukame, na moto ukawaka nyikani. Wanyama walikimbilia mabondeni. Lakini twiga jike mmoja alikuwa amezaa karibuni, na ndama wake hakuweza kukimbia. Mama akasimama juu yake mpaka moto ukapita. Ndama akapona. Mama naye alibaki hai, ila ngozi yake iliungua na kubanduka, shingoni, mgongoni na mbavuni.

Wa kwanza kumwona alikuwa Nyemo, mjane aliyetoka kutafuta kuni. Alimkuta anatetemeka, nzi wamemjaa.

"Mama mwenzangu," Nyemo akamwambia, "baridi ya usiku itakuua."

"Najua," twiga akajibu. "Ila huyu bado ananyonya."

Nyemo akatupa kuni zake, akakimbia hadi kwa Chilongani, mwenye ng'ombe wengi kuliko wote kijijini. Akamweleza aliyoyaona.

"Yule ni mkubwa kama nyumba!" Chilongani akasema. "Hata ngozi zangu zote hazimtoshi. Na sisi wenyewe visima vinatukaukia."

"Sikuombi ngozi nzima, baba. Nipe kipande."

"Kipande cha kiganja kitafunika nini?"

"Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri," Nyemo akajibu. Hapo hapo akakata pindo la vazi lake la ngozi, akaondoka nalo mkononi.

Akapita nyumba kwa nyumba. Mmoja alitoa ngozi ya ngoma iliyopasuka. Mwingine alikata ncha ya mbeleko, naye mtoto bado yumo mgongoni. Kipofu mmoja alitoa kipande alichokalia. Chilongani alipoona majirani wote wanakwenda nyikani, aibu ikamshika. Akachana ukingo wa ngozi yake ya kulalia, akatoa kipande kidogo kuliko vyote.

Wakashona kwa nyuzi nyeupe za kano za ng'ombe. Wepesi walipanda mabegani mwa wenzao ili wafike shingoni. Twiga alistahimili sindano, akiuma meno, huku ndama ananyonya. Jua lilipozama, mwili wote ulikuwa umefunikwa.

Baadaye visima vikakauka kabisa. Watu walikuwa wanakwangua tope twiga alipotokea, ndama nyuma yake.

"Nimeona majani mabichi nyuma ya vilima vile," akasema. "Macho yenu hayafiki. Nifuateni."

Wengine walisitasita. Chilongani, ambaye ng'ombe wake walikuwa wanaanguka mmoja mmoja, ndiye aliyeinuka wa kwanza. Wakatembea, wazee wakishikwa mikono, hadi wakaikuta chemchemi. Ndiyo hii tunayoteka mpaka leo.

Chilongani alikunywa, kisha akamtafuta Nyemo.

"Mwanangu," akasema, "kipande changu kilikuwa kidogo mno."

"Kilifunika mahali pake, baba."

Na tangu siku hiyo, twiga huzaliwa na mabaka yaliyozungukwa na mistari myeupe ya ule uzi. Hakuna twiga wawili wanaofanana, kwa kuwa hakuna nyumba mbili zilizotoa kipande kilekile. Sisi wa chemchemi hii hatumrushii mshale, naye hula miiba yake karibu na mashamba yetu bila kutukimbia. Na mtu akija na konzi moja ya mtama kwa ajili ya jambo la wote, hatumuulizi mbona kidogo. Tunaipokea kwa mikono miwili.