Bi Pimbi na Tone la Kwanza la Masika

Hapo zamani za kale, wajukuu zangu, wanyama walipokuwa na nyumba zao, mafiga yao na majirani wa kugombana nao, palikuwa na mashindano kila mwisho wa kiangazi. Mshindani aliogelea mto, akapanda kilima cha mawe, kisha akakimbia uwandani mpaka kwenye chemchemi.

Walishindana kwa rika: vijana, watu wazima, wazee, na mwisho wakongwe. Mnyama alikaa katika rika la wazee kwa masika matano. Kwa hiyo aliyeingia jana na atakayetoka kesho walisimama mstari mmoja, wakaambiwa wako sawa.

Wala hakuna aliyehesabu miaka kwa siku ya kuzaliwa, maana nani aliikumbuka? Tone la kwanza la masika likigonga vumbi, tifu, kila mnyama ameongeza mwaka. Hiyo ndiyo iliyokuwa desturi.

Maji ya mto yalikuwa ya chumvi, hivyo mshindi wa kila rika alipewa haki ya kunywa chemchemini kabla ya wenzake kiangazi kizima kilichofuata, yeye na nyumba yake. Aliyekuja nyuma alikuta tope.

Bi Pimbi alilijua tope hilo. Mumewe, Mungu amrehemu, alifariki kiangazi cha mwaka wa kisa hiki akingoja zamu ya maji. Bi Pimbi alimzika, akamwombea, akarudi nyumbani kwa wajukuu wawili wenye midomo mikavu. Alijua wazi kwamba asiposhinda, kiangazi kijacho atazika tena.

Lakini atashindaje? Yeye alikuwa mkubwa kwa umri kuliko wote katika rika la wazee. Na Nyati ndiyo kwanza ameingia, shingo kama gogo, mapafu kama mivukuto ya mhunzi.

Asubuhi moja Bi Pimbi alikuwa mtoni akisugua sufuria, Nyati akaja kufanya mazoezi. Chubwi, chubwi, chubwi, akavuka, akarudi.

"Shikamoo, dada," alisema Nyati akijikung'uta. "Mwaka huu tukuwekee chakula, au utafika kabla hakijapoa?"

"Marahaba, ndugu yangu. Niwekeeni tu. Kiporo nakipenda."

Nyati akacheka mpaka pembe zikatikisika. Bi Pimbi aliendelea kusugua sufuria, taratibu, kana kwamba ana neno na hataki kulisema.

"Mbona umenyamaza?" aliuliza Nyati.

"Si kitu. Maneno ya watu tu."

"Maneno gani?"

"Wanasema ushindi wako hauna utamu. Wanasema Bwana Nyati haogelei, anatembea. Hebu tazama mwenyewe, maji yako magotini."

Nyati akatazama. Kweli, kiangazi kilikuwa kimeukausha mto, na maji yalimfika magotini.

"Nani kasema hivyo?"

"Mimi nitamtaja nani, na naishi nao? Ila ningekuwa na kifua kama chako, ningetaka mto uliojaa. Hapo hata mwenye wivu angefunga mdomo."

Nyati alikwenda moja kwa moja kwa Mzee Kiboko, mwenyekiti wa mashindano, aliyekuwa amelala kwenye dimbwi lisilomfunika hata mgongo.

"Mwenyekiti, mashindano yangoje mto ujae."

"Ujae?" Kiboko akafumbua jicho moja. "Mto haujai mpaka masika."

"Basi tungoje masika. Au naonekana mtu wa kuogopa maji?"

Kiboko alikuwa ameungua mgongo kwa jua, na neno masika lilimpendeza. "Mimi sina pingamizi," alisema, akalifumba jicho.

Bi Pimbi alirudi nyumbani, akainjika sufuria. Siku zikapita. Wingu likaja, likatanda, likanguruma. Tone la kwanza likaanguka, tifu. Bi Pimbi akatoka uani, akakinga viganja na kusema, "Alhamdulillahi." Kisha akaingia ndani kuwafunika wajukuu.

Mto ulipojaa, wanyama wakakusanyika. Nyati alisimama mbele kwenye mstari wa wazee, kifua nje. Akageuka kulia, akamwona Kongoni, yule mwenye miguu mirefu ambaye upepo humwomba njia.

"Wewe unafanya nini huku? Mstari wenu wa watu wazima uko kule."

"Wangu ulikuwa kule, kaka. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa wao. Mvua imenyesha, sasa ni mdogo wenu."

Nyati akamtafuta Bi Pimbi kwa macho mstarini, asimwone. Kumbe Bi Pimbi alikuwa mstari wa mwisho, wa wakongwe, amesimama kati ya Mzee Fisi mwenye meno mawili na Bi Kakakuona aliyekuwa akiegemea mkongojo.

"Dada," aliita Nyati, "wewe ulijua?"

"Nilijua mvua hunyesha, ndugu yangu. Hata wewe ulijua."

Mbiu ikalia, puu.

Wazee wakajitosa. Nyati aliogelea vizuri, hilo lazima tuseme, lakini uwandani Kongoni alimpita, vuu, akamwachia vipande vya tope usoni.

Wakongwe wakafuata. Bi Pimbi ni mwepesi, maji yakambeba kama jani. Kwenye mawe alikuwa nyumbani kwao. Uwandani magoti yalimuuma, akayasikia, akaendelea. Mzee Fisi akapungukiwa na pumzi katikati ya njia, akakaa chini. Bi Pimbi akafika wa kwanza.

Hakunywa. Aligeuka, akamngoja wa mwisho.

Bi Kakakuona alikuja polepole, tope mpaka magambani. Alipofika alikaa chini, akavuta pumzi.

"Umeshinda vizuri, mwanangu," alisema. "Umehama rika, umepona. Mimi sina pa kuhamia. Baada ya hili limebaki lile la udongoni tu."

Bi Pimbi alimkumbuka mumewe na zamu ambayo haikufika. Kisha akamwita mwenyekiti.

"Mzee Kiboko, haki ya mshindi ni ya nani?"

"Yake na nyumba yake."

"Basi wote mniangalie. Kuanzia leo Bi Kakakuona anakaa kwangu. Kitanda cha marehemu kipo."

Kiboko akafikiri, asione kosa. Bi Pimbi akachota maji kwa viganja, akampa mkongwe kwanza.

Hivyo basi, wajukuu: mwenye nguvu hujisifu kuvuka mto, mwenye akili hujua utajaa lini.